Sumaku za gitaa: alniko, seramiki, na kengele aliyoitafuta kijana wa taarabu (uzi mrefu)

#1 Waya wa Shaba

Assalaam alaykum wana jamvi.

Juzi kijana mmoja wa taarabu kaniletea gitaa lake hapa Mlandege, pamoja na boksi la pikapu tatu alizoagiza mtandaoni. Nasema pikapu ile inayokaa chini ya nyuzi ikanasa sauti, si gari. Boksi limeandikwa alniko 5, aina ya sumaku ya metali. Alizifunga mwenyewe, akapiga wiki mbili, akaja uso umemshuka: "Ami, hizi hazina kengele. Sauti nzito, kama mtu anaimba kajifunika shuka."

Nikaifungua moja nikaipindua juu ya kitambaa. Chini yake kuna ubapa mweusi umegandishwa kwa gundi, upana wa kidole, na vile vijiti sita vinavyotazama nyuzi vimesimama juu ya ule ubapa. Nikaukwaruza ukingoni kwa ncha ya kisu, ukamegeka punje kama kigae. Nikaweka ncha mbili za testa juu yake: kimya, haupitishi umeme. Hiyo ni seramiki. Alniko ni mchanganyiko wa metali, testa ingelia palepale.

Kijana aliweka akiba miezi minne. Muuzaji simtaji, lakini nataka kila mtu ajue jaribio hilo la kisu na testa kabla ya kulipa, au angalau kabla ya kufunga.

Akataka kuzitupa anunue za alniko kweli. Nikamwambia subiri. Kudanganywa umedanganywa, hilo halina mjadala, ila kengele yako haikuondolewa na ile sumaku nyeusi. Nilivyomweleza ndivyo ninavyoandika hapa, maana naona swali la "niweke alniko ngapi" linarudi jamvini kila mara, majibu yanakuwa namba tupu, mada inakufa.

Sumaku peke yake haina sauti. Kazi yake ni kuutia uzi wa chuma usumaku. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili unabadilika, na koili inazaa umeme. Ni ile kanuni ya Michael Faraday ya mwaka 1831 tuliyosoma skuli. Koili yenyewe ni waya wa shaba wenye unene wa kama milimita 0.063, umezungushwa mara zipatazo 8,000 kwenye pikapu za aina ya Stratocaster, gitaa maarufu la umeme. Ukiishika karibu na taa unaona kama shungi la nywele lenye rangi ya asali.

Alniko ni alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Asili yake ni Japani: mwaka 1931 Tokushichi Mishima aligundua kuwa chuma kikichanganywa na nikeli na alumini kinatoa sumaku kali kuliko za zamani. Namba 2, 3, 5, 8 ni majina ya michanganyiko, si ngazi. Wengi hukosea hapa. Alniko 3 ni dhaifu kuliko 2, na haina kobalti kabisa ingawa jina limo. Alniko 5 ina kobalti kama asilimia 24, na inapopoa kiwandani huwekwa ndani ya uga wa sumaku ili nguvu yake yote ilale upande mmoja. Ndiyo maana inaziacha 2 na 3 mbali. Alniko 8 ina kobalti zaidi, na ni ngumu kuipokonya usumaku wake. Seramiki ni jamii ya feraiti, oksidi ya chuma iliyochomwa pamoja na bariamu au strontiamu. Bei yake ndogo, haishiki kutu.

Sasa rudini kwenye pikapu ya yule kijana. Pikapu ya alniko ya mtindo wa Stratocaster, vile vijiti sita *ndivyo* sumaku. Pikapu ya seramiki ya bei rahisi, vijiti ni chuma cha kawaida, sumaku iko chini yake. Na chuma kile kipo katikati ya koili! Chuma kinakusanya uga wa sumaku kuliko alniko, kwa hiyo indaktansi ya koili, yaani ukaidi wake dhidi ya umeme unaobadilika haraka, inapanda. Halafu ndani ya chuma kunazuka mikondo midogo ya umeme inayozunguka na kumeza sehemu ya sauti za juu. Uzito anaousikia ni wa vijiti. Ile seramiki yenyewe haina chuma tupu wala haipitishi umeme. Katika mambo hayo mawili haina hatia.

Nilipima hiyo indaktansi, kipimo chake ni henri. Pikapu yake ilisoma henri 3.1. Nyingine ya vijiti vya alniko 5, iliyokuwepo mezani, ilisoma 2.3.

Namba hizo zina maana ukiongeza kebo. Kebo ya gitaa ina kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, nyingi huwa na kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Koili na kebo zikiungana zinatengeneza kilele, masafa ambayo gitaa linang'aa zaidi, na juu ya hapo sauti inashuka. Kebo ya mita 6 pamoja na kapasitansi ya koili yenyewe tuseme jumla pikofaradi 700. Pikapu ya henri 2.3 kilele chake kinakuwa karibu Hz 4,000 (mitikisiko kwa sekunde). Ya henri 3.1 kinashuka hadi kama 3,400. Hapo ndipo shuka lilipomfunika mwimbaji.

Nikachomoa kebo yake ya mita 6, nikampa yangu ya mita 3. Jumla sasa 400 hivi. Kilele cha pikapu ileile ya henri 3.1 kikapanda hadi Hz 4,500, juu kuliko ile ya alniko kwa kebo ndefu. Akapiga ile kazi yake ya kujibizana na fidla, akanyamaza, akapiga tena. Hakuniuliza kitu, aliuliza bei ya kebo.

Sisemi kwamba sumaku haina maana. Ina maana, na nitaeleza ninavyoisikia nikirudi baada ya Isha. Nilitaka kwanza tuondoe mzigo ambao si wake.

#2 Besi Mkunazini

Kaka Waya, nakuheshimu kwa kazi yako lakini hapa sikubali. Mimi nina gitaa la hambaka, zile pikapu za koili mbili, nilitoa alniko 5 nikaweka alniko 2 pikapu ya shingoni. Tofauti mbingu na ardhi. Sauti ikawa laini, tamu, inaimba. Kebo sikuigusa. Usiwavunje moyo watu.

#3 Waya wa Shaba

Kaka Besi, sikukatalii ulichokisikia. Ila nijibu mawili: siku ile ulibadilisha nyuzi? Na pikapu uliirudisha kimo kilekile?

#4 Besi Mkunazini

Nyuzi ndiyo, nilitia mpya, si lazima uzitoe ili uifikie pikapu? Kimo sikupima.

#5 Waya wa Shaba

Basi umebadilisha vitu vitatu kwa siku moja, na sifa zote umempa mmoja. Sikulaumu, mimi nilifanya hivyohivyo miaka mingi mpaka nilipoamua kujaribu kwa utaratibu. Nilifanya hivi.

Nilichukua hambaka moja. Uzuri wa hambaka ni kwamba sumaku yake ni ubapa mmoja uliolala chini katikati ya koili mbili, unaweza kuutoa na kuingiza mwingine bila kugusa waya. Nikawa na bapa tatu: seramiki, alniko 5, alniko 2. Nyuzi zilezile, kebo ileile, kimo nimepima kwa rula ya chuma. Nikapiga kipande kimoja cha muziki mara tano kwa kila sumaku, nikarikodi. Kisha mwenzangu akazisawazisha sauti zote zilingane ukubwa, akazichanganya, akanichezea bila kuniambia ipi ni ipi.

Kusawazisha ukubwa ni jambo la kwanza. Sumaku kali inatoa sauti kubwa, na sikio la mwanadamu likisikia kubwa linasema "nzuri".

Baada ya kusawazisha, seramiki na alniko 5 nilizikosea mara nyingi. Nakiri hivyo bila haya. Kama kuna tofauti, seramiki ilikuwa na ukali kidogo juu, na hilo lina sababu: ubapa wa alniko una chuma ndani, unaongeza indaktansi kidogo, wa seramiki hauongezi.

Lakini alniko 2 niliijua karibu kila mara. Na nilichokisikia hakikuwa kwenye utamu wa noti inapoendelea. Kilikuwa kwenye mpigo, pale kidole au pleki inapoachia uzi. Alniko 5 inagonga. Alniko 2 mpigo wake una ukingo wa mviringo, kama mtu anayebisha hodi kwa kiganja badala ya kwa vifundo vya vidole. Nyuzi nene za chini zilipungua ubabe.

Kwa hiyo kaka, ulichokisikia kipo. Nadhani tu ukubwa wake umeongezwa na nyuzi mpya na kimo.

Kimo ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Nguvu ya sumaku kwenye uzi inapungua haraka sana unapoishusha pikapu, hata milimita moja inasikika. Ukiwa na alniko 5 ya vijiti karibu mno na nyuzi, hasa shingoni ambako uzi unatikisika kwa upana, sumaku inauvuta uzi wenyewe. Noti zinafifia mapema, na ukipanda juu shingoni uzi mmoja unasikika kama mbili zinazopishana, haukubali kurekebishwa sauti. Nimeletewa magitaa ambayo mwenyewe anasema shingo imepinda. Nimeshusha pikapu, gitaa limepona. Kabla hujanunua alniko 2, shusha alniko 5 yako milimita moja, ongeza ampu (kikuza sauti) kidogo, usikilize.

Ubaya wa jina la seramiki nao una historia. Mwaka 1972 DiMarzio, watengenezaji wa pikapu, walitoa Super Distortion, hambaka ya seramiki yenye waya mwingi, iliyotengenezwa makusudi kulisukuma ampu mpaka liungurume. Ikapendwa sana na wapiga roki. Tangu hapo watu wakisikia seramiki wanafikiria ukali. Wakati ukali ule ni wa ile koili nene na kazi iliyokusudiwa.

#6 Udi na Ambari

Waalaykum salaam. Kaka zangu, mimi najifunza udi, naufuata uzi huu kwa hamu ingawa gitaa si langu. Tunapopiga uwanjani maikrofoni inapiga mbinja kila nikisogea. Je, naweza kufungiwa pikapu ya sumaku kwenye udi? Alniko ipi itafaa?

#7 Waya wa Shaba

Dada yangu, hakuna hata moja. Pikapu ya sumaku inahitaji uzi wenye chuma. Nyuzi za udi nyembamba ni naili, na zile nene ni nyuzi za naili au hariri zilizozungushiwa shaba yenye maji ya fedha. Shaba na fedha sumaku haizijui. Utafunga pikapu ya bei ghali upate kimya. Wapiga kanuni nao vilevile.

Chako ni pikapu ya piezo, kijisahani kidogo kinachohisi mtikisiko wa ubao, kinakaa chini ya daraja au kinabandikwa ndani ya kifua cha udi. Usikiunganishe moja kwa moja kwenye ampu la gitaa, sauti itakuwa kavu kama bati. Lazima kiwe na priampu, kikuza sauti cha awali, ya kukipokea. Fungua mada yake, kuna watu humu wanaijua kuliko mimi.

#8 Mpemba wa Wete

Maalim, shukrani kwa darasa. Niko Pemba, fundi wa magitaa huku sina, nafanya mwenyewe. Nina maswali: nitatoaje ule ubapa wa hambaka nisiharibu? Nitajuaje upande wa kuuweka? Na joto letu hili haliui sumaku? Gitaa langu linalala kwenye chumba cha bati.

#9 Waya wa Shaba

Bwana Mpemba, nianze na la mwisho. Joto usilihofu. Alniko inapoteza usumaku wake kwenye joto la mamia ya nyuzijoto, 800 na zaidi, plastiki ya gitaa ingekuwa imeshayeyuka zamani. Sumaku za neodimiamu ndizo zisizostahimili joto, za kawaida huanza kudhoofika zikifika nyuzi 80, lakini gitaani ni chache.

Cha kuhofia ni chumvi. Mwaka jana nililetewa gitaa la bendi inayopiga ufukweni, pikapu moja imekufa. Niliondoa utepe nikaangalia kwa miwani ya kukuzia: pale waya unapoanza, karibu na kijiti, kuna alama ya kijani ndogo kama mbegu ya mchicha. Kijiti cha alniko kilishika kutu, kutu ikavimba ikapasua vanishi ya waya, unyevu wa bahari ukamalizia. Waya ukakatika. Mizunguko elfu nane nikaisuka upya kwa ajili ya doa lile. Baada ya kupiga, futa vijiti kwa kitambaa kikavu, hasa ukipiga kwa jasho.

Kutoa ubapa: legeza nyuzi uitoe pikapu. Kama ina kifuniko cha bati, kimechomelewa kwa risasi pande mbili, kiondoe kwanza. Utaona chini skrubu nne. Zilegeze tu, usizitoe. Kama ndani kuna nta, ipashe pole kwa mashine ya kukaushia nywele. Kisha usukume ubapa kwa kijiti cha mti, kipande cha mshikaki kinatosha. Usitumie bisibisi, sumaku itaivuta mkononi mwako na ncha itaingia kwenye waya.

Upande: sumaku ya hambaka ina kaskazini na kusini kwenye kingo zake ndefu mbili. Kabla hujaitoa chora mshale kwa penseli. Halafu tumia dira, hata ile ndogo ya wavuvi. Iweke karibu na ukingo mmoja, andika ni ncha gani ya sindano imevutwa. Ubapa mpya uingie ukitazama vilevile. Ukiugeuza, pikapu ikiwa peke yake hutasikia tofauti, ila ukizifungua zote mbili pamoja zitapingana na sauti itakuwa nyembamba, imetoboka katikati. Wapo walioipenda sauti hiyo: gitaa la Peter Green, mpiga gitaa wa Uingereza, aina ya Les Paul, lilijulikana kwa hilo, sumaku ya pikapu ya shingoni ilikuwa imegeuzwa.

Na mtu asibadilishe sumaku akitegemea ule mvumo uondoke. Mvumo ni umeme wetu wa Hz 50 unaoingia kwenye koili kutoka kwenye taa na transfoma, sumaku haihusiki. Ndiyo maana Seth Lover wa Gibson, kampuni ya magitaa, mwaka 1955, aliweka koili mbili zinazopingana ili mvumo ujifute, na ndiyo maana ya jina hambaka, kizuia mvumo. Walipoanza kuzitengeneza, sumaku walitia za namba mbalimbali, 2 mpaka 5, kwa kadiri zilivyopatikana. Watu leo wanazitafuta pikapu zile kwa bei ya shamba, na ndani yake hakuna mapishi mamoja.

#10 Fundi Redio

Vijana, nawasoma. Mimi ni wa spika na redio tangu enzi za valvu, na spika za zamani nyingi zilikuwa alniko. Niongeze moja ambalo halijasemwa. Alniko ina nguvu lakini haina ukaidi. Ukiigusisha na sumaku ya seramiki kubwa au neodimiamu, kaskazini kwa kaskazini, inadhoofika na hairudi yenyewe. Nimeona mtu kaegemeza gitaa lake kwenye spika iliyovuliwa nyuma, kila siku, mwisho analalamika nyuzi mbili hazisikiki. Bapa zenu za akiba msizirundike ovyo kwenye kopo. Zilazeni zimeshikana kaskazini kwa kusini, au juu ya kipande cha chuma laini.

#11 Waya wa Shaba

Mzee wangu, shikamoo. Umenikumbusha: bapa nyingi zinauzwa hazijatiwa usumaku. Mtu anaweka "alniko 5" anaisifu kwa upole wake, kumbe ni nusu mfu. Kabla ya kuingiza, iweke karibu na dira na uilinganishe na ya zamani: kwa umbali uleule sindano igeuke kwa kiasi kinachokaribiana.

Kwa walioniuliza faraghani, mimi nafungaje: kikundi chenye fidla, kanuni na akodioni, gitaa likiwa la kushona katikati, ninapenda alniko 2 au 3. Mpigo mviringo haupiganii nafasi na kanuni, ambayo mipigo yake ni mikali kwa asili. Magitaa ya Telecaster ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 yalikuwa na alniko 3, na ukiyasikiliza utaelewa ninachosema. Bendi ya hoteli yenye kinanda na ngoma za umeme, alniko 5, maana usipogonga hutasikika. Rusha roho yenye gitaa la kuungurumisha, seramiki ni sawa na pesa inabaki.

#12 Besi Mkunazini

Nimerudi. Jana usiku nimerudia kama ulivyoeleza. Nyuzi zilezile, rula, nimerikodi, mke wangu ndiye aliyenichezea. Mara kumi, nimepatia saba. Tofauti ipo, ndogo kuliko nilivyoapa hapa, na iko palepale uliposema, kwenye mpigo. Mara tatu nilizokosea zote zilikuwa noti ndefu.

Alniko 2 naiacha ilipo, naipenda. Ila nimeshusha ile ya darajani milimita moja na nusu, na hiyo ndiyo iliyonishangaza zaidi.

#13 Waya wa Shaba

Saba kati ya kumi ni sikio zuri, kaka. Zile skrubu nne za chini umezikaza? Zikiachwa zimelegea, pikapu itapiga mbinja ukiongeza ampu, utaanza kuisingizia sumaku tena.

#14 Besi Mkunazini

Naenda kuzitazama.